Msalaba wa Majani ya Mwaloni

Gesine Rathjen alikuwa amezoea kusikiliza chuma kabla ya kusikiliza watu. Kazi ya maabara ya polisi mjini Kassel ndiyo iliyomlea hivyo, na alipoiacha na kuanza kuwapimia wakusanyaji nishani zao za vita, tabia hiyo ikakomaa. Nusu ya nishani zilizopita mezani pake zilikuwa za kughushi, na kila moja ilikuja na hadithi tamu. Asubuhi hiyo ya Februari 1983 aliyeleta hadithi alikuwa Ottfried Nagel, daktari wa meno, mkusanyaji wa siku nyingi na mlalamishi wa siku zote. Alikaa bila kuvua koti, akasukuma kopo la biskuti mpaka katikati ya meza.

"Nimeibiwa, Bi Rathjen. Na mwizi namjua kwa jina."

Mwizi huyo, kwa maelezo yake, aliitwa Detlef Krumbach wa Karlshafen, mtu ambaye kazi yake ni kuondoa vyombo katika nyumba za marehemu wasio na ndugu na kuviuza gulioni. Jumamosi alikuwa ameweka kopo hilo wazi mezani kwake. Juu palikuwa na picha ya askari kijana na mkewe, iliyopigwa studio ya Münden mwaka 1943, na kwenye kifungo cha askari ulionekana utepe wa Msalaba wa Chuma wa daraja la pili. Utepe wenyewe, mweusi, mweupe na mwekundu, ulichungulia chini ya picha. Nagel aliona mkusanyaji mwingine akisogea, tamaa ikampanda, akalipa bila kufunua. Nyumbani ndipo alipoutoa msalaba na kuona umechezewa.

Gesine aliugeuza kwa kibanio. Msalaba wa wakati wa vita una swastika katikati. Huu ulikuwa na majani matatu ya mwaloni. Vita vilipokwisha alama ile ilipigwa marufuku, na mwaka 1957 sheria ikawaruhusu askari wa zamani kuvaa nishani zao ikiwa tu alama imeondolewa. Viwanda vikatoa misalaba mipya yenye majani, na mkusanyaji wa aina ya Nagel huiona takataka.

"Utepe ni wa vita, hata mimi naona," alisema Nagel. "Kopo ni la zamani, picha ni ya zamani. Krumbach amechomoa msalaba wa kweli akautundika huu wa dukani. Niandikie hivyo, nami nitajua pa kumpeleka."

Gesine aliuliza kama askari wa kwenye picha anajulikana. Hapo Nagel alijinyoosha kitini. Alikuwa amempigia simu mwenye studio, akamsomea namba iliyoandikwa nyuma ya picha, na mwenye studio akamkumbuka mwanamke. Aliitwa Almut Kressin, bado yuko Münden. Mumewe, Arno, alitoweka katika vita vya mashariki kiangazi cha 1944, na hakuna aliyeleta habari zake tangu siku hiyo.

"Nikampigia na yeye. Nikamwambia nimepata nishani ya mumewe, nataka athibitishe. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, amefia wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba wewe utajua," alisema daktari wa meno, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana kuona haya.

Alipoondoka, Gesine alishusha mapazia na kuwasha taa ya zambarau. Kazi hii aliipenda kwa sababu haikuhitaji mtu wa pili. Nyuzi za tangu miaka ya hamsini hutiwa dawa ya kung'arisha, na chini ya taa ile huwaka buluu. Nyuzi za kabla ya hapo hubaki gizani. Utepe ulibaki gizani wote, mbele na nyuma, ishara kwamba ni wa vita na haujawahi hata kufuliwa. Nyuma yake palikuwa na mchaniko ulioshonwa kwa uzi wa kijani, tena wa sufu, na huo nao haukuwaka. Lakini mshono ulioubana utepe kwenye pete ya msalaba uliwaka kama theluji mchana.

Akachukua lenzi. Mshono wa kijani ulilalia kulia. Mshono mweupe ulilalia kushoto. Mikono miwili tofauti, basi, na kati yao miaka mingi.

Aliliandika hilo, akakaa akiuangalia msalaba. Wazo la Nagel lilikuwa na kasoro moja, nayo ilimkera kama punje ya chakula kwenye jino. Mghushi huchukua kitu kipya akakivalisha vya zamani ili mnunuzi adanganyike. Sasa mghushi gani atachukua utepe wa vita, wenye thamani, akautundika kwenye msalaba ambao hata mtoto wa mkusanyaji angeutambua kwa mbali? Hakuna anayejisumbua kughushi takataka.

Siku iliyofuata aliendesha gari hadi Münden. Kibao cha mlangoni kiliandikwa Arno na Almut Kressin, na shaba yake ilikuwa imesuguliwa mpaka herufi zikaanza kufutika. Mwanamke aliyefungua alikuwa na umri wa kustaafu, mrefu, nywele nyeupe zimebanwa vizuri, na alikuwa tayari ameandaa kahawa na keki ya mbegu za mpopi. Gesine hakulitoa kopo. Alimweleza kwamba ndivyo kazi inavyotaka, shahidi asionyeshwe kitu kabla hajasema anachokikumbuka.

"Nakumbuka utepe," alisema Bi Kressin. "Likizo yake ya mwisho ulikuwa umechanika. Uzi mwekundu haukupatikana mji mzima. Nikafumua mkono wa sweta langu la kijani nikaushona kwa nyuma. Arno alicheka, akasema yeye ndiye askari pekee mwenye bustani kifuani."

Gesine akaliweka kopo mezani na kuugeuza utepe. Bi Kressin aliugusa ule uzi wa kijani kwa ncha ya kidole, kisha akakirudisha kidole mapajani na kukishika kwa mkono mwingine. Ulikuwa wake. Hakuna haja ya kuandika zaidi ya hapo.

Msalaba wenyewe hakuuangalia sana. Majani au swastika kwake yalikuwa mamoja, maana yeye alishona utepe, si chuma. Gesine alimwuliza kama mumewe alijua kushona. Alijua, tena sana, maana mama yake alikuwa fundi cherehani. Siku ile ya utepe ilibidi amnyang'anye sindano. Akaenda kabatini akaleta koti la kiraia la mumewe, la sufu ya kahawia, akaonyesha kifungo cha juu.

"Hiki alikishona mwenyewe. Angalia kilivyokaa upande. Shuleni walimchapa mpaka akaandika kwa mkono wa kulia, lakini sindano hakuna mwalimu aliyeikagua. Alishona kwa kushoto."

Gesine aliinamia kifungo kwa lenzi. Nyuzi zililalia kushoto, fupi, zimebanwa, kila ya tatu imerudiwa. Alikuwa ameuona mshono huo jana chini ya taa ya zambarau, ukiwaka. Alikaa ameinama zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu hakutaka uso wake uonekane.

Bi Kressin alikuwa akiendelea kusema. Wanawake wenzake wa mtaa ule, walioachwa na vita kama yeye, walikwenda mahakamani mmoja baada ya mwingine, waume zao wakatangazwa kuwa marehemu, wakapata karatasi zao, na wengine wakaolewa. Yeye hakwenda. Haikumjia akilini kumwua mtu kwa muhuri. Palikuwa na mwalimu wa muziki, Eberhard Lotz, mtu mpole, aliyemposa mara mbili.

"Mara ya mwisho ilikuwa majira ya machipuko, mwaka 1958. Alikuja na maua kabisa. Nikamwambia, Eberhard, mimi ni mke wa mtu." Alicheka kidogo, akamsogezea Gesine keki. "Alihamia Bremen. Huko nasikia ana wajukuu."

Mlangoni alimshika Gesine mkono wa koti. Alisema kwenye kaburi la wazazi wake ameacha nafasi juu ya jiwe, na jina la Arno limekwisha kuchongwa, bado tarehe na mahali. "Mimi sihitaji hadithi, Bi Rathjen. Nimeuliza swali moja tu."

Gesine alimwomba siku moja zaidi. Ingekuwa rahisi kuandika cheti pale pale, utepe halisi, msalaba umebadilishwa na mtu asiyejulikana, na kumwachia mama yule mume aliyekufa mashariki akiwa kijana. Nagel angefurahi. Krumbach angejitetea mwenyewe. Lakini jambo moja lilikuwa bado halijafungwa, na kufungua jambo na kuliacha hivyo hakuwahi kuweza.

Barabara ya Karlshafen inafuata mto Weser kutoka Münden, na ni safari fupi, hata kikombe kimoja cha kahawa ya chupa hakiishi. Gesine aliliona hilo na hakulipenda.

Detlef Krumbach alimpokea katika banda lake, katikati ya makabati ya wafu, akiwa na soseji mkononi. Aliposikia jina la Nagel alikunja uso.

"Mimi naiba? Tazama gari langu lilivyo pale nje, Bi polisi. Mwizi gani anasukuma gari lake kila asubuhi?"

"Si polisi tena."

"Basi umesahau kuwaambia macho yako."

Gesine alikubali utani, akakaa juu ya sanduku la nguo bila kukaribishwa, na mambo yakawa mepesi. Kopo lilitoka katika chumba cha Konrad Behl, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha mbao toka mwisho wa vita hadi alipostaafu. Alikufa kitandani Oktoba iliyopita. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuna aliyemfuata. Mwenye nyumba alimwita Krumbach kukitoa kila kitu, na manispaa ikamzika penye nyasi, pale wanapozikwa wasio na mtu wa kulipia jiwe.

"Mtu wa watu?"

"Mtu wa salamu. Anakuvulia kofia, kwa kushoto, anapita zake. Kitu kimoja tu watu walimcheka. Kila mwaka wastaafu wa kiwanda walikodi boti kwenda kutembea. Wakienda kaskazini, Behl yumo, anabeba bia. Wakipanga kwenda Münden, Behl anaugua. Kila mara. Tulikuwa tunasema Münden kuna mtu anamdai."

Gesine hakucheka. Aliuliza kopo lilikuwa wapi, naye Krumbach akasema lilikuwa kwenye droo ya kushonea, pamoja na sindano na nyuzi. Kama Bi polisi anataka uchafu huo, uko kwenye gunia, bado hajautupa. Gesine alimwaga gunia sakafuni. Soksi, foronya, jozi ya glavu za kazi zilizoshonwa na kushonwa tena mpaka ngozi ya asili ikawa haba. Kila mshono ulilalia kushoto, mfupi, umebanwa, kila wa tatu umerudiwa. Chini kabisa kulikuwa na kibiringo cha uzi mweupe. Akajifunika koti kichwani, akawasha taa yake ndogo ya zambarau ya mkononi, na uzi ukawaka buluu.

"Umepata mwizi?" aliuliza Krumbach alipojitokeza.

"Hakuna mwizi. Msalaba ulikuwa hivyo hivyo kwenye kopo?"

"Hivyo hivyo. Kwani una nini?"

Una mwaka wa kutengenezwa, alitaka kusema. Badala yake alimwomba glavu moja, akapewa bure.

Njiani aliunganisha yote, kipande kwa kipande. Mahali fulani mashariki Arno Kressin alilikimbia jeshi, akachukua jina na hati za mwenzake aliyekufa, Konrad Behl, akarudi magharibi kama Behl. Mkimbizi wa jeshi katika nchi ile aliitwa msaliti hata vita vilipokwisha, na mkewe aliitwa mke wa msaliti. Askari aliyetoweka alimwachia mkewe heshima. Labda alijiambia anamfanyia wema. Labda aliogopa tu, na mwaka wa kwanza wa woga ukamfungia njia ya mwaka wa pili. Hayo lenzi haiyaoni, na Gesine hakuyaandika.

Alichokiona ni hiki. Kama Arno angeuacha msalaba wake wa zamani koponi, siri yake ingekuwa salama daima. Utepe ule ungeweza kuokotwa na yeyote, kwenye mtaro wowote, mwaka wowote. Lakini alikuwa mtu wa kwao, aliyelelewa kutii sheria. Alitupa jina, alitupa mke, alilikimbia jeshi zima, na bado hakuweza kukaa chumbani peke yake na alama iliyokatazwa. Alingoja mpaka sheria iruhusu, akaenda dukani na hati za marehemu, ambaye bila shaka naye alitunukiwa msalaba wa daraja lile lile, maana hauuzwi bila hati, akanunua wenye majani. Kisha akauhamishia utepe wa mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Utii ule mdogo ndio uliomfichua, na Gesine alimkasirikia marehemu kwa sababu yake kuliko kwa uongo wote mwingine.

Alisimama kwenye kibanda cha simu na kumwambia Nagel kwamba hakuna wizi. Daktari alinung'unika, akasema msalaba usio na mwizi hana kazi nao, mama yule auchukue.

Bi Kressin alifungua mlango kabla kengele haijaisha kulia. Safari hii hakukuwa na keki. Gesine alimweleza akiwa wima, maana alijua akikaa atalainisha maneno. Akaweka kopo na msalaba mezani, akaweka koti la kahawia kando yake na glavu kando ya koti, akampa lenzi. Mama alitazama kifungo, akatazama glavu, akatazama utepe ulipobanwa kwenye pete. Alitazama kwa utaratibu, kushoto kwenda kulia, kisha akaanza tena.

"Mkono huu ni wa Arno," alisema.

"Ndiyo. Na msalaba huu haukuwapo duniani kabla ya 1957."

"Alikuwa wapi?"

"Karlshafen. Toka mwisho wa vita. Amekufa Oktoba iliyopita."

Bi Kressin alikwenda dirishani. Chini, mto ulikuwa umejaa maji ya theluji na ulikuwa ukielekea huko huko.

"Alikuwa na nani?"

"Hakuwa na mtu."

"Usinionee huruma."

"Sikuonei. Nimeona soksi zake, Bi Kressin. Alizishona mwenyewe zote. Amezikwa na manispaa, hakuna aliyekwenda."

Mama yule alipogeuka, uso wake ulikuwa mkavu na mzee.

"Bora angekuwa na mwanamke. Ningemchukia, nikapumzika." Akaketi, akaichukua ile glavu, akaivaa mkono wa kushoto. Ilimpwaya. "Kwa hiyo Eberhard alipokuja na maua yake, Arno alikuwa hapo chini tu ya mto."

"Ndiyo."

"Nami nikamwambia mimi ni mke wa mtu." Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe nilisema kweli."

Gesine aliuliza kama kuna ndugu wa kumpigia simu, jirani, rafiki, akaambiwa hapana, jirani amehama. Bi Kressin alivua glavu, akaikunja, akaiweka koponi na utepe na msalaba, akafunga kifuniko. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia ratiba ya basi, kama makaburi ya Karlshafen hufungwa mapema wakati wa baridi. Gesine alisema gari lake liko chini, na wakiondoka sasa watawahi.

"Basi nisubiri. Mimi ni mjane tangu Oktoba na sijavaa nyeusi hata siku moja."

Aliingia chumbani, na zilisikika hanga zikigongana kabatini. Alipotoka alikuwa amevaa gauni jeusi la kizamani, zuri, lenye harufu ya dawa ya nondo, na mkono mmoja ameushikilia mgongoni. Alisema alilinunua kwa mazishi ya mama yake na hajalivaa tena, kwa sababu zipu iko nyuma na mkono wake haufiki. Akamgeuzia Gesine mgongo na kuinamisha kichwa.

Gesine alikuwa na gauni kama lile kwake Kassel, na sababu ya kutolivaa ilikuwa hiyo hiyo. Aliishika zipu kwa vidole vilivyozoea kibanio, akaipandisha pole pole mpaka juu, akafunga na kile kishikizo kidogo cha shingoni.